Kila Kiumbe na Makazi Yake: Tuwafunzeje Wanetu Habari za Dinosaria?



Tuanze kwa kukiri kosa letu. Mwaka uliopita, baada ya sala ya alasiri, tulikuwa tumeketi kwenye mkeka wa chuo chetu tukiwasikiliza watoto wakisoma juzuu zao, mmoja baada ya mwingine. Mtoto wa kiume wa umri wa miaka saba alipofika mbele yetu, kabla hajafungua juzuu, alitoa mfukoni mnyama mdogo wa plastiki, wa rangi ya kijani, mwenye miiba mgongoni na mkiani. Akatuuliza kwa sauti ya chini, "Maalim, huyu alikuwa akila nini?"

Nyuma yake palikuwa na watoto kumi na wawili wakingoja zamu zao, na magharibi ilikuwa inakaribia. Tulimjibu kwa mkato kwamba hayo ni mambo ya katuni, amrudishe mnyama wake mfukoni na afungue juzuu. Akafanya alivyoamrishwa. Hakununa wala hakulia. Ila tangu siku ile hakutuuliza tena jambo lolote.

Wiki tatu baadaye mamake alikuja kulipa ada. Baada ya salamu na kujuliana hali, alituambia kwa adabu, kama mtu anayesimulia jambo la kuchekesha tu: "Maalim, mwanangu amenifunza kanuni mpya. Anasema maswali ya wanyama wa zamani huulizwa shule, chuoni hayaulizwi."

Neno lile lilituchoma, nasi tulilala nalo. Mtoto wa miaka saba alikuwa tayari ameigawa dunia mafungu mawili: mahali pa kuuliza na mahali pa kunyamaza. Na sisi, tuliopewa amana ya kumlea katika dini yake, ndio tuliomchorea mpaka huo. Mtoto wa namna hii akifika umri wa miaka kumi na mitano, maswali yake makubwa atayapeleka wapi? Bila shaka atayapeleka kule alikozoea kujibiwa.

Basi tukaketi kusoma. Tulitafuta vitabu, tukawauliza walimu wa shule tunaosali nao msikitini, na tukajifunza mengi kuliko tulivyotarajia. Makala haya ni matunda ya kusoma huko. Tunayaandika kwa ajili ya mzazi ambaye mwanawe humletea dinosaria mezani naye hajui aanzie wapi.

Tuanze na vyombo vya baharini

Jambo kubwa ambalo watoto wadogo hufundishwa kuhusu dinosaria ni kwamba miili yao ililingana na makazi yao. Makazi maana yake ni mahali kiumbe anapoishi pamoja na vyote vilivyomo: maji, udongo, joto, chakula na maadui. Mtu aweza kudhani kwamba hilo ni somo gumu kwa mtoto wa miaka mitano. Walakini mtoto wa pwani ana ufunguo wake tayari, maadamu ameshawahi kusimama ufuoni.

Muulize mwanao: kwa nini mtumbwi ni mwembamba? Atakwambia, au utamsaidia kusema, kwamba mtumbwi hupita kwenye mikono ya bahari iliyobana katikati ya mikoko. Na ngalawa je, kwa nini ina mbao mbili za ubavuni? Ili mawimbi yasiipindue. Na jahazi? Tumbo lake ni pana kwa sababu hubeba shehena, na tanga lake ni kubwa kwa sababu huvuka bahari kuu. Mtumbwi hauendi Zanzibar na jahazi haliingii mikokoni. Ukikiona chombo kimepandishwa pwani, hata kama hujawahi kukiona kikielea, waweza kusema kilijengewa maji gani.

Mwili wa mnyama nao husomwa vivyo hivyo. Mtoto akishafahamu kwamba umbo la chombo hutoa habari za maji yake, atafahamu pia kwamba umbo la mnyama hutoa habari za makazi yake. Mwonyeshe kaa wa mikokoni na magando yake, na mjusi wa ukutani ambaye nyayo zake humshikilia hata darini. Mkumbushe ngamia, ambaye Qur'ani katika Surat Al-Ghashiya inatuelekeza tutazame namna alivyoumbwa: nyayo pana zisizozama mchangani, kope ndefu za kuzuia vumbi, na nundu yenye akiba ya mafuta. Hapo mtoto atakuwa ameshaingia katika elimu yenyewe, na hujamtajia dinosaria hata mmoja.

Mifupa ya Lindi

Tulipoanza kusoma tulidhani dinosaria ni habari za Marekani na Uchina peke yake. Tulishangaa kuona kwamba mojawapo ya machimbo mashuhuri zaidi ya mifupa yao duniani yapo kwenye pwani hii hii ya Waswahili, kusini mwa Tanzania. Mahali penyewe ni kilima cha Tendaguru, kiasi cha kilomita 60 kutoka mji wa Lindi.

Wajerumani, waliokuwa wakiitawala nchi ile wakati huo, walichimba pale kuanzia mwaka 1909 hadi 1913. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimemalizika miaka michache tu kabla yake, na watu wa kusini walikuwa wameonja vita na njaa. Wataalamu waliotumwa kutoka Berlin walikuwa wachache. Mikono iliyochimba na mabega yaliyobeba yalikuwa ya wenyeji kwa mamia. Mifupa ilifunikwa kwa plasta, ikafungwa kwa mianzi, kisha wapagazi wakaichukua kwa miguu, mwendo wa siku kadhaa, hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 zilisafirishwa kwa namna hiyo hadi Ujerumani.

Msimamizi mkuu wa wachimbaji hao aliitwa Boheti bin Amrani. Jina hili tuliwasomea watoto wetu chuoni, nao wakatazamana, kwani ni jina la mtu wa kwao. Mwaka 2007, dinosaria mmoja aliyetoka Tendaguru alipewa jina la kitaalamu Australodocus bohetii kwa heshima ya Boheti huyo. Mwanao akidhani kwamba elimu ya visukuku ni ya watu wa mbali, msimulie habari za Boheti. Kisukuku, kwa faida ya asiyelijua neno hili, ni mabaki ya kiumbe wa kale yaliyozikwa ardhini hata yakageuka mfano wa jiwe.

Na makazi ya Tendaguru yalikuwaje? Kiasi cha miaka milioni 150 iliyopita, pale palikuwa pwani. Wataalamu wanajua hivyo kwa sababu tabaka za ardhi zimepishana: katika baadhi yake mna makombe na viumbe vya baharini, na katika nyingine mna mifupa ya wanyama wa nchi kavu. Palikuwa na maji yaliyotulia nyuma ya fungu la mchanga, palikuwa na nyangwa zilizofunikwa na maji yalipojaa na kuachwa wazi yalipokupwa, na bara yake palikuwa na misitu ya miti ya jamii ya misonobari. Majira ya ukame yalikuwa yakija na kupita.

Mwambie mtoto afumbe macho aione pwani hiyo. Kisha mwambie aondoe minazi, aondoe nyasi zote na aondoe mikoko, kwani hivyo vyote havikuwapo wakati ule. Badala yake aweke misonobari mirefu, mimea mifupi inayofanana na mitende midogo, na majani ya jamii ya madole yaotayo mahali penye unyevu. Hapo ndipo pa kumwingiza dinosaria. Kumtaja mnyama kabla ya kupataja mahali pake ni sawa na kumwonyesha mtu usukani bila ya kumwonyesha chombo.

Majirani watatu, vimo vitatu

Katika pwani ile waliishi walaji majani wa aina nyingi. Sisi tuliwachagua watatu kwa ajili ya somo la watoto, kwa kuwa habari zao zimefungamana.

Wa kwanza ni Giraffatitan, yaani twiga wa kupita kiasi. Kiunzi chake kilichosimamishwa katika jumba la makumbusho mjini Berlin kina kimo cha zaidi ya mita 13, sawa na mnazi uliokwisha kukua. Urefu wake kuanzia pua hadi ncha ya mkia ulifika mita 22 hivi. Miguu yake ya mbele ilikuwa mirefu kuliko ya nyuma, hivyo mgongo wake uliteremka mithili ya mgongo wa twiga, na shingo ikaelekea juu. Mtoto ataona mara moja kwamba huyu alilingana na miti mirefu. Lakini muulize swali la pili: shingo ndefu namna ile, mbona haikumwelemea? Jibu limo ndani ya mifupa yake. Pingili za shingo zilikuwa na matundu yaliyojaa hewa, zikawa nyepesi lakini imara. Mpe mtoto kipande cha mwanzi akishike, kisha kijiti kizito cha urefu ule ule, naye atafahamu bila ya maneno mengi.

Giraffatitan hakutafuna. Meno yake yalikuwa ya kunyofoa tu. Majani yalimezwa yalivyo na kazi iliyobaki ikafanywa na tumbo. Ndiyo maana kichwa chake kilikuwa kidogo na tumbo likawa kubwa.

Jirani wa pili ni Dicraeosaurus. Alikuwa ndugu wa mbali wa yule wa kwanza, wa urefu wa mita 12 hivi, ila shingo yake ilikuwa fupi kwa kulinganisha na ya wenziwe wa jamii hiyo. Meno yake yalikuwa membamba kama penseli, yamepangwa mbele ya kinywa mfano wa kitana. Huyu hakuhitaji vilele vya miti. Alikula mimea ya kimo cha kati na ya chini.

Jirani wa tatu ni Kentrosaurus, mfupi kuliko wote, wa urefu wa mita nne na nusu tu. Kichwa chake kilikuwa karibu na ardhi na kinywa chake kilikuwa na mdomo mgumu wa kukatia majani ya chini. Je, mnyama mfupi, mzito wa mwendo, alijilindaje? Alikuwa na mabamba shingoni na sehemu ya mbele ya mgongo, kisha miiba mirefu kuanzia nyuma ya mgongo hadi ncha ya mkia. Mkia huo uliweza kupigwa huku na huku kwa nguvu. Mtoto aliyewahi kumwona nungu akimgeuzia mbwa miiba yake hatahitaji maelezo zaidi.

Sasa waweke watatu hao pamoja. Mmoja alikula juu, mmoja kati, mmoja chini. Waliweza kuishi mahali pamoja kwa sababu kila mmoja alikuwa na fungu lake. Katika kufundisha, hapa ndipo watoto wetu walipotulia zaidi, kwani kila mtoto wa nyumba yenye ndugu wengi anajua maana ya sinia moja na mikono mingi. Mtoto akilifahamu hili, amefahamu kwamba kulingana na makazi si kupambana na adui peke yake. Ni pia kuwa na nafasi yako miongoni mwa majirani.

Jangwa lililokuwa mto

Baada ya Lindi, mpeleke mwanao Misri. Katika chemchemi ya Bahariya, iliyomo jangwani, mlipatikana mifupa ya dinosaria wa ajabu ambaye Mjerumani Ernst Stromer alimpa jina Spinosaurus mwaka 1915. Mgongoni alikuwa na mifupa iliyosimama kama mlingoti na tanga. Mifupa ile ya kwanza iliteketea mjini Munich mwaka 1944 katika mabomu ya vita, na kwa miaka mingi zikabaki picha na maandishi tu. Kisha mifupa mingine ikapatikana Moroko, na mwaka 2020 wataalamu wakiongozwa na Nizar Ibrahim, Mjerumani mwenye asili ya Kimoroko, wakatangaza kwamba mkia wa mnyama huyu ulikuwa mpana na bapa, mfano wa kasia.

Mwulize mtoto: mwenye mkia wa kasia na meno ya mviringo yaliyochongoka kama ya mamba, alikula nini? Hata wa miaka minne atajibu: samaki. Na alipoambiwa kwamba mifupa imetoka jangwani, atashangaa. Ndipo umwelezee kwamba mahali palipo jangwa leo palikuwa na mito mikubwa zamani. Makazi hubadilika.

Wataalamu wanaendelea kujadiliana kama Spinosaurus alipiga mbizi kufuata samaki, au alisimama majini mfano wa korongo akingoja windo. Usimfiche mtoto khitilafu hii. Ni vyema ajue mapema kwamba wenye elimu huweza kuhitilafiana kwa heshima, kila mmoja na dalili zake. Hata Giraffatitan na jamaa zake, zamani walichorwa wakiwa wamezama majini hadi utosini, kwa kuwa matundu ya pua yalionekana kuwa juu ya kichwa. Baadaye ikafahamika kwamba katika kina kile uzito wa maji ungebana kifua hata mnyama asiweze kuvuta pumzi. Picha zikachorwa upya, na waliokuwa wamekosea hawakuona haya kurejea.

Makosa tunayoyafanya

Tumejifunza pia, kwa kukosea, namna zisizofaa za kulifundisha somo hili.

Kosa la kwanza ni la maneno. Tulizoea kusema, "Mnyama huyu alirefusha shingo ili ayafikie majani." Mtoto mmoja akaanza kuivuta shingo yake mwenyewe, akitumaini kuufikia mwembe. Hakuna mnyama aliyeketi akaamua kujibadilisha. Ni sahihi zaidi kusema kwamba alijaaliwa shingo ndefu, na shingo ile ikamfaa mahali alipoishi. Wanasayansi hueleza kwamba mabadiliko ya namna hii huonekana katika vizazi vingi mno, si katika maisha ya mnyama mmoja. Hayo mtoto atayasoma kwa upana akikua.

Kosa la pili ni kuchanganya nyakati. Katika vitabu vya rangi na katuni, dinosaria wote hukusanywa ukurasa mmoja, na pembeni yao huchorwa mtu mwenye rungu. Yule mkali anayependwa na watoto wote, Tyrannosaurus rex, aliishi Amerika Kaskazini, naye alikuja takriban miaka milioni 80 baada ya Giraffatitan. Hawakuonana kamwe. Wala hapana mwanadamu aliyewahi kumwona hata mmoja wao akiwa hai.

Kosa la tatu ni kumtia mtoto hofu. Tukiwasimulia habari za meno na damu tu, watakumbuka woga na watasahau elimu. Wengi wa dinosaria walikuwa walaji majani.

Somo la nyumbani lisilo na gharama

Akina mama wengi watauliza, "Tutafanyaje, nasi hatuna vifaa?" Vifaa vyote vimo nyumbani, na robo saa kwa siku yatosha.

Siku ya kwanza, toeni leso kabatini. Leso moja ina urefu wa mita moja na nusu hivi. Zipangeni 15 ncha kwa ncha, uani au ufuoni, na mtapata urefu wa Giraffatitan. Kama leso hazitoshi, aiteni nyumba ya jirani. Mnyama huyu hakuwahi kuenea nyumba moja. Mtoto atembee kutoka pua hadi mkia akihesabu hatua zake.

Siku ya pili, kateni tawi la mwarubaini lenye majani. Mpe mtoto kitana ayapukuse majani kwa mkupuo mmoja, kisha mpe koleo dogo la jikoni ayanyofoe moja moja. Muulize ni meno ya mnyama gani yalifanya kazi kama kitana. Akumbuke Dicraeosaurus.

Siku ya tatu, chorea ukutani kwa chaki mistari mitatu: mmoja kwenye magoti ya mtoto, mmoja kwenye kifua, mmoja juu kabisa mkono wako unapofika. Bandika majani kwenye kila mstari, na watoto waigize majirani watatu, kila mmoja akila kwenye mstari wake tu. Halafu ondoa majani ya mstari mmoja. Nani atalala na njaa? Waache wafikiri wenyewe.

Siku ya nne, chukua mifupa ya kuku iliyochemshwa, kuoshwa na kukaushwa vizuri juani. Ifukie ndani ya ndoo ya mchanga, umpe mtoto brashi kuukuu aichimbue taratibu, kama Boheti na wenzake. Akiipata, aseme: huu ni wa mguu au wa bawa? Mnyama huyu aliruka au alitembea? Mwonyeshe na mguu wa kuku aliye hai, wenye magamba na kucha tatu mbele. Wanasayansi huwahesabu ndege kuwa ni tawi la dinosaria lililosalia, na mguu ule una mengi ya kumfikirisha mtoto.

Ama kuhusu vinyago vya plastiki, baadhi ya wazazi wametuuliza kama vinafaa kuwekwa nyumbani. Wanazuoni wengi wameruhusu vitu vya kuchezea watoto, wakitegemea yaliyopokewa kuhusu vinyago vya Bi Aisha (R.A.) alipokuwa mdogo, miongoni mwavyo farasi mwenye mbawa. Basi tusiwanyang'anye watoto kwa haraka.

Maswali ambayo hatuyakwepi

Hapana shaka mtoto atauliza maswali ya dini, na ni heri ayaulize kwetu.

Atauliza: mbona dinosaria hawakutajwa katika Qur'ani? Mwambie kwamba hata twiga hakutajwa kwa jina. Surat An-Nahl, baada ya kutaja wanyama wa kupandwa, inatujulisha kwamba Mola huumba pia tusivyovijua. Atauliza: je, waliingia safina ya Nabii Nuhu (A.S.)? Mwambie kwamba walikuwa wameshatoweka kiasi cha miaka milioni 66 iliyopita, kabla ya kuwapo mwanadamu yeyote. Atauliza: miaka hiyo yote ilikuwaje, na mbingu na ardhi ziliumbwa kwa siku sita? Mwambie kwamba Qur'ani yenyewe inataja siku iliyo sawa na miaka elfu, na nyingine ya miaka elfu hamsini. Basi siku zile hatulazimiki kuzipima kwa saa ya ukutani.

Na atauliza kwa nini walikufa. Mwambie ukweli: jiwe kubwa kutoka angani liliipiga ardhi mahali palipo Meksiko leo, vumbi likaziba jua, mimea ikafa, na walaji majani wakafuata. Miili iliyokuwa imelingana vyema na makazi yake haikufaa kitu makazi yalipogeuka ghafla. Ukifika hapo, mtembeze mwanao hadi kwenye mikoko iliyokatwa, umuulize kaa wa pale watahamia wapi. Hapo somo la miaka milioni 150 litakuwa limefika mlangoni kwenu.

Mnyama wa kijani

Tulilileta somo hili chuoni siku moja ya Alhamisi, baada ya kumaliza juzuu. Tulitandaza leso ndani ya ua, tukachora mistari mitatu ukutani, tukawasimulia watoto habari za Lindi. Yule mtoto wetu wa miaka saba aliketi mwisho wa mkeka, kimya. Tulipouliza nani alikula mstari wa juu, sauti zilipaa. Tulipouliza mstari wa kati, vivyo hivyo. Tulipouliza mstari wa chini, ikawa shwari, kwani jina la Kentrosaurus liliwashinda ndimi.

Tukaona mkono ukiingia mfukoni polepole. Alimtoa mnyama wake wa kijani, akamtazama kichwa, akautazama mstari wa magotini, kisha akamnyanyua.

"Ni huyu, Maalim. Kichwa chake kiko chini. Alikuwa akila majani ya chini."

Lile swali tulilomnyima jibu, alijijibu mwenyewe. Tulimwomba radhi mbele ya wenzake, na katika miaka yetu yote ya kufundisha, hatukumbuki kama tuliwahi kumwomba mwanafunzi radhi. Alitabasamu, akaketi. Kisha, kabla hatujakunja leso ya kwanza, akanyosha mkono tena: alitaka kujua kama Kentrosaurus alilala kifudifudi au kiubavu, kwa sababu ya ile miiba.

Hatukuwa na jibu, nasi tulimwambia hivyo. Tukakubaliana kwamba yeye atamuuliza mwalimu wake wa shule, sisi tutatafuta vitabuni, kisha Alhamisi inayofuata tutakutana papo hapo mkekani tulinganishe tuliyoyapata.

Wabillahi tawfiq.